Mwalimu Aliyeijua Siri ya Mwanafunzi Wake

Katika duka moja la vikorokoro, ndani ya mtaa wa mafukara wa jiji la London, mtu mwenye umri wa miaka 39 ananunua kioo kizito cha mviringo, cha kuwekea juu ya karatasi zisipeperuke. Ndani ya kioo hicho mna kitu kidogo cha rangi ya waridi kilichojikunjakunja. Mwenye duka, mzee mpole mwenye miwani na adabu za kizamani, anamweleza kuwa hiyo ni marijani, na kwamba haikosi imetoka Bahari ya Hindi. Anamuuzia kwa dola nne.

London hiyo ni ya kubuni. Imo katika riwaya ya Mwingereza George Orwell iitwayo *Nineteen Eighty-Four*, iliyotolewa mwezi wa Juni mwaka 1949. Sisi tuliozaliwa juu ya tumbawe, tuliolijengea nyumba zetu na kulichomea chokaa, pengine ni haki yetu kusita kidogo tunapokutana na marijani ya bahari yetu ikiwa mateka ndani ya kioo cha Kizungu. Mimi nilisita. Lakini shabaha ya makala haya siyo marijani. Shabaha ni yule mzee mwenye duka, na zaidi yake ni bwana mmoja mkubwa ambaye mzee yule alikuwa akimtumikia pasipo mnunuzi kujua. Kwani mzee hakuwa mzee, wala hakuwa mwenye duka. Alikuwa askari kanzu, mtu wa makamo ya miaka 35 hivi, aliyejipaka uzee usoni na kuvaa miwani asiyoihitaji.

Wako ndugu zangu katika Chama watakaouliza kada ana shughuli gani na kitabu hiki. Kwa miaka mingi kimetumiwa na mabepari kama fimbo ya kuwapigia wanamapinduzi wote, wema na wabaya, bila ya kupambanua. Hilo ni kweli. Hata hivyo mwandishi wake hakuwa kibaraka wa mabepari. Jina lake hasa lilikuwa Eric Arthur Blair, amezaliwa Motihari, Bara Hindi, mwaka 1903. Akatumikia polisi ya kikoloni huko Burma tangu 1922 hadi 1927, akaacha kazi hiyo kwa kuichukia, akaenda Spain kupigana na mafashisti, akajeruhiwa kwa risasi ya shingo. Hadi alipokufa, Januari 1950, alijiita msoshalisti. Kitabu chenyewe aliandika sehemu kubwa akiwa kisiwani Jura, kaskazini ya Uingereza, kifua kikimla. Kwa hiyo naomba nisikilizwe.

Riwaya za namna hii, ambazo wataalamu wa fasihi huziita za distopia, hubuni nchi ambayo dhulma imekamilika ndani yake; haina tundu wala ufa. Msomaji hutazamia kwamba adui katika nchi kama hiyo atakuwa yule mwenye rungu. Marungu yamo, tena mengi. Lakini ukizisoma kwa makini utagundua jambo jingine la ajabu: katika riwaya hizi mtu anayemmaliza shujaa, aghalabu, ni mwalimu wake.

Tumwangalie huyu mnunuzi wa marijani. Anaitwa Winston Smith, naye ni karani. Kazi yake, katika wizara iitwayo ya Ukweli, ni kuyasahihisha magazeti ya zamani ili kila alichowahi kukisema mkubwa kilingane na kinachotakiwa leo. Karatasi ya asili hutupwa katika tundu la ukutani, ikaenda kuungua. Karani huyu amechoka. Hana anayeweza kusema naye. Katika kila chumba kipo kioo cha ukutani kinachoona na kusikia, na watoto wa jirani wamefundwa kuwapeleleza wazazi wao. Basi siku moja, katika mkutano wa hadhara wa kupiga kelele za chuki, macho yake yanagongana na ya O'Brien, mkubwa katika Chama cha Ndani, mtu wa mwili, mwenye akili, mwenye tabia ya kuitengeneza miwani yake puani kwa namna ya kistaarabu. Kufumba na kufumbua tu. Hakuna neno lililosemwa. Lakini karani anaondoka pale akiamini kuwa amempata mtu anayemwelewa.

Hapa Orwell amegusa jambo ambalo kila aliyepitia chuoni au skuli analijua. Mwanafunzi hamchagui mwalimu wake kwa hoja; humchagua kwa njaa. Anataka paweko mtu mmoja, aliyemzidi elimu na umri, atakayemtazama na kumwona. O'Brien analijua hilo, na analitumia kwa subira ya mvuvi. Anamsimamisha karani ukumbini na kuzisifu makala zake. Anamwambia aje nyumbani kwake kuiona kamusi mpya. Anamwandikia anwani, tena mbele ya kile kioo cha ukutani, bila ya wasiwasi. Karani alipofika, mwenyeji anafanya tendo la kumtoa mtu roho kwa mshangao: anakizima kioo. Ni cheo hicho tu chenye ruhusa hiyo. Kisha anammiminia mvinyo, kinywaji ambacho karani hajapata kukionja, na baada ya siku kadhaa anamfikishia kitabu kilichoharamishwa, chenye kueleza dola ile inavyoendeshwa. Mwalimu gani atakayemfanyia mwanafunzi zaidi ya hayo?

Katika kikao kile yumo pia Julia, mpenzi wa Winston. O'Brien anawauliza maswali kwa mfululizo, kwa sauti ya chini isiyo na hamasa, kama mwalimu anayepitia orodha ya darasa. Je, wako tayari kufa? Kuua? Kuisaliti nchi yao? Kumwagia mtoto tindikali usoni, ikiwa amri imetolewa? Wanaitikia ndiyo kwa yote. Kisha anauliza kama wako tayari kutengana, wasionane tena abadan. Julia anasema la. Winston anakawia, ulimi unamwia mzito, halafu naye anasema la.

O'Brien anawashukuru kwa kumwambia. Anasema ni lazima wajue kila kitu.

Ndugu msomaji, nilipoisoma mara ya kwanza niliipita sehemu hii bila ya kuizingatia. Niliyaona ni maneno ya kiapo tu. Niliporudi kuisoma ndipo nywele ziliponisimama. Kwani hilo ndilo jambo pekee ambalo wale wawili walikataa kulitoa, nao wamelitaja kwa midomo yao, kwa hiari yao, mbele ya mtu waliyemwamini. Kila kilichobaki katika kitabu kile, takriban theluthi nzima, ni safari ya kulifikia jambo hilo moja na kulivunja. Mwalimu aliuliza mwanafunzi wake ana nini asichoweza kukitoa. Mwanafunzi akamjibu kwa kweli. Mwalimu akaliweka jibu katika faili.

Vivyo hivyo panya. Katika chumba cha juu ya duka la yule mzee wa bandia, Julia aliwahi kuona panya akachungulia, naye Winston akataka kuzimia kwa hofu. Alijua Julia peke yake ndiye anayemwona. Nyuma ya picha ya ukutani palikuwa na kioo chenye masikio. Katika Chumba 101 analetewa panya waliomo ndani ya kizimba, kizimba kinasogezwa usoni kwake, naye anapiga ukelele wafanyiwe Julia hayo, siyo yeye. Usaliti umetimia. Walioutimiza hawakuhitaji kubuni chochote kipya. Walivitumia vitu ambavyo yeye mwenyewe aliviachilia siku alipodhani yuko salama.

Jambo la kutisha zaidi ni kwamba O'Brien, hata alipokuwa mtesaji, hakuacha kuwa mwalimu. Amemfunga mwanafunzi wake kitandani, mkononi ana kipimo cha kuongezea maumivu, na bado anaeleza, anarudia, anauliza swali lile lile kwa njia nyingine, anasikitika jibu linapokosewa. Ana mtaala wenye daraja tatu: kujifunza, kuelewa, na kukubali. Anakiri kuwa anaipenda akili ya Winston, inafanana na yake. Na Winston naye, Mungu atuepushe, anampenda. Maumivu yanapopunguzwa anamshika mkono aliyeyapunguza na kusahau kuwa ndiye aliyeyaleta. Nimewahi kusikia wasomi wakisema sehemu hii imetiwa chumvi. Sidhani. Mtoto aliyepigwa na mlezi wake, halafu akabembelezwa na mlezi huyo huyo, analia kifuani mwa nani?

Orwell alikwisha kulidokeza jambo hili miaka minne nyuma, katika kitabu chake kidogo cha mwaka 1945, ambacho Fortunatus Kawegere alikifasiri kwa Kiswahili mwaka 1967 kwa jina la *Shamba la Wanyama*. Wengi wetu tunakikumbuka kwa farasi Boxer, mfanyakazi mkubwa, na kwa nguruwe waliogeuka kuwa watu. Mimi huwakumbuka watoto wa mbwa. Walikuwa tisa. Mara tu walipoachishwa ziwa Napoleon aliwachukua kutoka kwa mama zao, akasema elimu ya vijana ina thamani kuliko yote wanayoweza kufanyiwa watu wazima, akawapandisha darini peke yao, wakasahauliwa. Walipoteremka walikuwa mijibwa yenye kola za shaba. Kauli ile kuhusu elimu ya vijana ni kauli nzuri. Ningeweza kuitamka mimi jukwaani kesho, na mkapiga makofi, na ikawa haki mkapiga makofi. Ndiyo sababu nasema kauli haitoshi. Yafaa aulizwe mzungumzaji ngazi ya darini iko wapi, na kama wazazi wanaruhusiwa kuipanda.

Ila katika shamba lile yuko msaliti mwingine ambaye hatajwi mara nyingi. Ni punda Benjamin. Alijua kusoma sawasawa na nguruwe yeyote. Amri za ukutani zilipokuwa zikibadilishwa usiku, angeweza kuzisoma na kuwaeleza wenzake. Hakutaka kujiingiza. Alipokuja kufumbua kinywa chake ilikuwa ni kusoma maandishi ya ubavuni mwa gari lililokuwa limekwisha kumpakia rafiki yake Boxer, kumpeleka machinjoni. Alisoma kwa usahihi, bila ya kukosa herufi. Gari likaondoka.

Mtu wa aina hiyo tunakutana naye tena kwa Mmarekani Ray Bradbury, katika *Fahrenheit 451* ya mwaka 1953. Humo nyumba haziungui tena, basi wazima moto wamegeuziwa kazi, wanachoma vitabu. Kijana wao mmoja, Montag, ameanza kuingiwa na shaka. Anao walimu wawili wanaomvuta. Wa kwanza ni mkubwa wake wa kazi, Kapteni Beatty. Msidhani Beatty ni mjinga. Amesoma kuliko wote waliomo kitabuni, na anavimwaga vitabu kwa ulimi huku akivichoma kwa mafuta ya taa. Kijana alipojilaza kitandani kwa kisingizio cha ugonjwa, Beatty alimwendea nyumbani, akaketi, akawasha kiko, akamweleza kwa upole kwamba kila mzima moto hupatwa na muwasho huo japo mara moja, na kwamba akiwa ameficha kitabu atapewa saa 24 akichome. Ni nasaha za baba. Siku zilipotimia, gari la moto likatoka kwa ving'ora, na kijana akiwa juu yake, likasimama mbele ya nyumba yake mwenyewe. Beatty akamkabidhi mtambo wa moto aichome kwa mkono wake.

Wa pili ni mzee Faber, profesa aliyestaafishwa vyuo vilipofungwa. Huyu anasema waziwazi kuwa ni mwoga: aliona mambo yanavyokwenda, na akanyamaza wakati neno lake lingefaa. Hata sasa anataka kuongoza kwa mbali. Anampa Montag kidude cha kutia sikioni, yeye abaki nyumbani akisikiliza na kushauri. Si shujaa. Lakini pana tofauti kubwa kati yake na Beatty na O'Brien, nayo ni kwamba alimwonyesha mwanafunzi wake udhaifu wake kabla ya kuujua wa mwanafunzi. Kila mmoja aliishika siri ya mwenzake. Na Beatty alipokigundua kile kidude na kuahidi kumsaka mwenye sauti, ndipo Montag alipomgeuzia mtambo wa moto. Katika riwaya zote ninazozitaja leo, ni hapo tu ambapo mwanafunzi alisalimika na mwalimu wake pia akasalimika.

Mwishoni Montag anafika kwa watu wanaoishi porini, kila mmoja amehifadhi kitabu kichwani. Wazungu waliosoma riwaya hiyo huiona ni ndoto ya ajabu. Sisi tuliokaa juu ya mkeka tukiwa na umri wa miaka mitano, tukamwona mwalimu amefumba macho na msahafu umefungwa, naye anamsahihisha mtoto wa mwisho wa safu kwa irabu moja aliyoikosea, hatuoni ajabu.

Niseme neno kuhusu Aldous Huxley pia, japo kwa ufupi, kwa kuwa yeye na Orwell walikuwa mwalimu na mwanafunzi kweli. Huxley alisomesha Kifaransa kwa muda mfupi katika skuli ya Eton, na Orwell alikuwa mmoja wa vijana wake. Mwaka 1949 mwalimu akamwandikia mwanafunzi barua ya kumsifu kwa *Nineteen Eighty-Four*, lakini akashikilia kwamba watawala wa baadaye hawatahitaji viatu vya askari. Watawatuliza watu kwa starehe, kama alivyoandika yeye katika *Brave New World* mwaka 1932. Humo mtawala Mustapha Mond, aliyewahi kuwa mwanasayansi mkaidi, anawaadhibu vijana wanaofikiri kwa kuwapeleka visiwani, huku akikiri kuwa visiwani ndiko waliko watu wa maana kuzungumza nao. Wasomaji wetu wataipokea sifa hiyo kwa namna watakayoona inafaa.

Na kwetu? Said Ahmed Mohamed, mzaliwa wa visiwa vyetu, alitoa *Babu Alipofufuka* mwaka 2001. Humo mpangilio umepinduliwa. Mwalimu ni babu aliyekwisha kufa, na anayesaliti ni mjukuu, mkubwa mwenye madaraka, aitwaye kwa herufi moja tu, K. Babu anafufuka, anamchukua mjukuu na kumtembeza akaone nchi ilivyo. Riwaya hiyo ningependa isomwe na kila anayekaa nyuma ya meza ya serikali, na isisomwe kwa kutafuta ndani yake sura ya jirani.

Sikuandika yote haya kwa mapenzi ya vitabu peke yake. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mkufunzi katika kambi moja ya mafunzo ya vijana. Usiku wa tatu, baada ya chakula, niliwaambia waseme bila ya kuogopa, kwamba pale hapakuwa na mkubwa wala mdogo. Wengi walinyamaza au wakatoa maneno ya kawaida. Kijana mmoja, hodari kuliko wote, niliyekuwa nikimpa vitabu vyangu avisome na kumkalisha karibu yangu, alisimama akasema juu ya viwanja vilivyogawiwa katika eneo lao na waliovipata. Alisema kwa adabu, kwa hesabu na kwa mifano. Nilifurahi. Nilimpongeza mbele ya wenzake.

Kambi ilipokwisha niliandika taarifa, kama ilivyo wajibu. Sikuongeza wala kupunguza. Sehemu ya viwanja niliiandika kama alivyoisema, kwa kudhani naifikisha panapohusika, na pembeni nikaliandika jina lake. Hakuna aliyeniagiza kuliandika. Niliona taarifa isiyo na jina ina upungufu. Nafasi ya masomo aliyokuwa amependekezwa ikaenda kwa mwingine, na sababu haikutolewa. Viwanja havikuguswa.

Hakuja kuniuliza. Nami sikwenda kumweleza. Kila nilipokusudia kwenda nilijiambia kuwa sikusema uongo, na hiyo ni kweli. Kitabu cha Orwell nilikisoma mara ya pili mwaka uliofuata, na nilipofika pale O'Brien anapowashukuru wageni wake kwa kumwambia, nilikifunga, nikakaa siku nyingi bila ya kukigusa.

Sasa anauza mafuta ya mashua karibu na gati. Tukikutana hunyanyuka kitini, huniamkia, "Shikamoo, mwalimu," nami huitika. Mara ya mwisho alinirejeshea kitabu changu kimoja alichokuwa nacho tangu kambini. Alikuwa amekitia jalada la gazeti.